Nukta ya Chaki

Jumatatu, 2 Machi

Mvua ya kwanza imeanguka saa tisa alasiri na kutukuta na mbao nne uani. Mbao zetu ni za unga wa miti ulioshindiliwa kwa gundi. Zikilowa hufura kama mkate kwenye chai, na zikishafura hazishiki bolti tena. Tatu tumeziokoa. Ya nne imeliwa na maji kona moja, sentimita kumi na mbili. Nitaikata niitumie kwa boksi dogo la spika. Wifi alikuwa wa kwanza kukimbia nje, mimi wa pili. Baba alisimama mlangoni akitupangia kazi kana kwamba ametuajiri.

Nimeamua kuandika hadi mvua ziishe. Mwaka jana msimu kama huu nilikosea tarehe za wateja watatu, na mtu aliyejijenga mwenyewe hana wa kumsingizia.

Kazi kubwa imeingia leo. Tetemeko, yule bwana anayekodisha gari lake kwa maharusi, anataka sabufa mbili za inchi kumi na tano nyuma ya viti vya mbele, zikielekea kiti cha maharusi. Moja ni kilo 24; nimeipima mwenyewe, siamini karatasi za dukani. Anasema anataka maharusi wausikie wimbo mbavuni. Wifi akamwambia mbavu za bibi harusi zina mwenyewe. Tulicheka sana. Baba akauliza nani amekufa.

Jumanne, 3 Machi

Mvua. Gundi haikauki.

Alhamisi, 5 Machi

Nimekata uso wa boksi la Tetemeko: tabaka mbili za milimita 18, jumla 36. Matundu mawili ya sentimita 35 na milimita 6. Baba alisimama nyuma yangu muda wote. Akasema nimeshika msumeno kama mtu anayekata keki.

Nimeendelea kukata, lakini hapa naandika. Baba alikuwa fundi mitambo wa kinu cha kusaga nafaka kwa miaka thelathini na mmoja. Kaka alipofika miaka kumi na minne alichukuliwa kinuni, akafundishwa spana, bolti, pampu, kila kitu. Mimi nilipoomba nilikuwa na kumi na miwili. Aliniambia mkono wa kike hauna uzito wa spana. Leo Kaka anauza viatu. Mimi nina maboksi 413 barabarani na hakuna hata moja lililowahi kuporomoka. Na mwezi wa kwanza ni huyo huyo Kaka aliyemleta Baba kwangu na begi moja na kisanduku cha spana, akasema kwake hakuna nafasi. Kaka ana vyumba vinne. Mimi nina viwili na karakana.

Jumatatu, 9 Machi

Wifi ameanza mtindo mpya: anatia nukta ya chaki nyeupe kwenye kichwa cha kila bolti aliyoikaza. Nimeziona jioni kwenye boksi la mwenye teksi, nane kwa nane. Nimefurahi, sijamwambia. Miaka tisa namhubiria kuhusu utaratibu.

Jumatano, 11 Machi

Tangu mwezi wa kwanza Wifi anafika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla Baba hajaamka. Nimemuuliza anafuata nini mapema hivyo, akasema anakuja kuzisalimia bolti. Nikamwambia bolti haziitikii salamu. Akasema za kwetu zinaitikia.

Huyu ni dada wa marehemu mume wangu. Ndugu yake alipofariki, watu walidhani tutagawana vyombo na kila mmoja ashike njia yake. Tukagawana kazi: mimi kupima, kukata na kugundisha, yeye nyaya na ukazaji wa mwisho. Hana maneno mengi. Wakati mwingine hilo linanikera.

Jumamosi, 14 Machi

Baba ameacha mkebe wa gundi wazi, umekauka wote. Nimemwambia Wifi mbele yake, makusudi asikie: siku atakayoharibu kazi ya mteja, atakaa chumbani na redio yake na karakana ataisikia kwa mbali. Baba alijitia hamnazo. Wifi aliinama akaendelea kumenya nyaya.

Jumanne, 17 Machi

Mvua siku ya pili mfululizo. Dari linavuja juu ya benchi. Ndoo tatu.

Ijumaa, 20 Machi

Leo tumezipachika sabufa za Tetemeko. Naandika hatua zote, kwa sababu ni kazi ninayojivunia.

Kupachika sabufa ya kilo 24 kwa skrubu za mbao ni kumfunga ng'ombe kwa uzi. Sisi nyuma ya kila tundu tunapigilia nati yenye meno, inayouma ubao kwa ndani, ili bolti ivutane na chuma, si na unga. Kisha mkanda wa mpira mzunguko mzima ili upepo usitoroke. Kisha bolti nane, kila moja na washa yake ya springi, ile pete inayoizuia isijifungue, na zinakazwa kwa msalaba: ya juu halafu ya chini, ya kulia halafu ya kushoto, kidogo kidogo, mpaka zote ziwe na nguvu sawa. Sabufa mbili, bolti kumi na sita. Boksi tupu kilo 41, jumla 89. Lenyewe tumelifunga kwa bolti nne ndefu zilizopenya sakafu ya gari, na bamba la chuma kwa chini. Nilimwambia Tetemeko: hizi ni kilo 24 gari likitulia. Gari likigonga kitu, zinakuja na uzito wa nusu tani na haziombi radhi.

Wifi alikaza, mimi nikashika taa. Saa kumi aliondoka kuwahi kijito kabla hakijajaa. Gari limelala karakana. Nilipokwenda kupika, Baba alikuwa bado analizunguka, mikono nyuma.

Jumamosi, 21 Machi

Tetemeko alibisha saa kumi na mbili. Barabara ya bondeni inaanza kufurika na ana harusi upande wa pili. Wifi alikuwa hajafika. Nilimulika tochi: nukta kumi na sita za chaki, hakuna iliyokosekana. Nikamkabidhi funguo.

Wifi alifika saa moja na robo, matope magotini. Akauliza, "Limeshaondoka?" Nikamwambia limeondoka. Akaketi kwenye kigoda chake bila kuvua koti. Akasema tumwite arudi, azipitie mara moja tu. Nikamwambia tusimsumbue mteja mwenye harusi, na kwamba nukta nimezihesabu. Alinitazama kama anayetaka kusema kitu. Akatoka uani na simu yake.

Jumatano, 25 Machi

Mvua. Maboksi mawili madogo. Baba ameita spana jina la mtu.

Jumatatu, 30 Machi

Sabufa imeng'oka.

Tetemeko alikuwa anarudi na dada yake kiti cha nyuma. Gari likaingia shimo lililojaa maji, lile ambalo ukiliona unadhani ni dimbwi tu. Boksi halikusogea hata milimita. Bolti za sakafu zimeshika. Lakini sabufa ya kushoto ilichomoka kwenye uso wa boksi, ikaangukia kifundo cha mguu wa yule dada. Mfupa umevunjika mara mbili. Yeye ni mshonaji, na ule ndio mguu anaokanyagia cherehani.

Nimekwenda kuliona gari. Ubao mzima, haukufura. Nati zote nane zimeuma mahali pake. Kosa si langu, nilisema moyoni, na naona aibu kwamba hilo ndilo lilikuwa neno la kwanza. Bolti tano zimetapakaa kwenye kapeti. Tatu bado zimening'inia kwenye ukingo wa sabufa, unazizungusha kwa kidole. Ziliachwa zimelegea tangu siku ya kwanza. Washa ya springi haishiki kisichobanwa, na ngurumo ya siku tisa imemalizia kuzifungua. Na zote tatu zina nukta ya chaki.

Jumanne, 31 Machi

Niliziweka bolti tatu juu ya benchi kabla Wifi hajavua koti. Nilizungumza muda mrefu. Nilisema mtu akisahau, nitamwelewa, sote tuna vichwa vya nyama. Lakini kutia alama kwenye bolti usiyoikaza si kusahau, ni kudanganya. Nilimhesabia: kilo 24, bolti nane, mguu mmoja, maboksi zaidi ya 400 ambayo sasa kila mwenye nalo ataniangalia kwa jicho la pembeni. Nilimwambia ndugu yake angekuwa hai angeficha uso.

Baba alikuwa mlangoni na kikombe chake. Wifi alimtazama yeye, kisha akazitazama bolti.

"Kama alama ni yangu," akasema, "basi na kosa ni langu."

Akachukua spana zake, nne, na kanga iliyokuwa msumarini. Kigoda amekiacha. Baba akamuuliza kama anakwenda kula, mbona mapema. Akamjibu, "Ndiyo, Baba. Nakwenda kula."

Alhamisi, 2 Aprili

Mvua. Nimefanya nyaya mwenyewe. Nimekosea chanya na hasi.

Jumamosi, 4 Aprili

Baba ameuliza mara sita yule dada anayekuja asubuhi yuko wapi. Mara ya sita nimemfokea.

Jumanne, 7 Aprili

Mteja wa jana amerudi, anasema boksi linapiga kelele kama debe la kokoto. Nimelifungua: bolti zote zimelegea robo mzunguko. Hizi nilizikaza mimi, kwa mkono huu. Nimekaa juu ya kigoda cha Wifi nikazikaza upya moja moja.

Jumatano, 8 Aprili

Jana nimekaza boksi la mwalimu wa udereva. Leo asubuhi, robo mzunguko. Nane kwa nane. Na nukta.

Nimewaza panya, mtetemo wa malori, unyevu, jirani mwenye husuda. Mtu anapoogopa jibu huita maswali mengi.

Ijumaa, 10 Aprili

Saa kumi na moja jioni, mvua nyembamba. Nilikuwa nimesema nakwenda dukani kununua gundi. Nikarudi kwa mlango wa uani.

Baba alikuwa amepiga magoti mbele ya boksi, miwani imeshuka puani, kipande cha chaki nyuma ya sikio. Analegeza ya juu, robo. Ya chini, robo. Kulia, kushoto. Msalaba safi, sijaona mkono mzuri kuliko ule. Baada ya kila moja anatia nukta, kisha anaigusa kwa kidole kama unavyomgusa mtoto aliyesinzia.

Nikamuuliza anafanya nini. Hakushtuka.

"Nazilaza. Mpira mpya haukazwi kwa siku moja. Unabana, unalegeza robo, uupumzishe ulale. Kesho alfajiri, kabla kinu hakijawashwa, tunazimalizia."

"Na chaki, Baba?"

"Chaki ni bado. Ukiona chaki usiwashe mtambo, utaua mtu." Akanitazama vizuri, kwa upole, kama unavyomtazama mgeni. "Hukufundishwa? Nani amekuleta hapa kinuni?"

Hayo ndiyo aliyosema. Kwake chaki ni bado. Mimi niliisoma tayari. Na asubuhi, zamu ya kumalizia inapofika, ameshasahau kwamba alizilaza.

Jumamosi, 11 Aprili

Sikupata usingizi wa maana, nimehesabu. Tangu Baba aje hadi siku ile tumetoa maboksi kumi na saba. Kumi na sita yalitoka salama. Hayo kumi na sita mtu aliyakuta yamelegea saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akayakaza moja moja, akafuta chaki, akaweka birika jikoni na kukaa kama hakuna kilichotokea. La kumi na saba nililitoa mimi kabla hajafika, kwa sababu nilizihesabu nukta vizuri sana.

Jumanne, 14 Aprili

Nimekwenda kwa Tetemeko na kumwambia mbele ya dada yake kwamba kosa si la Wifi, ni langu, nililitoa gari bila kulijaribu. Dada mtu amelala, mguu juu ya mito miwili, anatunga vifungo kwa mkono ili asikae bure. Cherehani imefunikwa shuka. Akasema daktari amemwambia hatakanyaga cherehani kabla ya mwezi wa sita. Nikamshikia uzi.

Tetemeko akanisindikiza. Akasema kuna jambo linamla. Wifi alimpigia simu siku ile ile ya harusi, mara mbili, na tena Jumatatu yake, akimsihi alete gari dakika kumi tu. Alimwambia ana harusi tatu, atakuja wiki ijayo. "Hakuniambia kwa nini, Mama Maboksi. Ningejua, ningekuja hata kwa kusukuma."

Jumapili, 19 Aprili

Nimempata Wifi kwenye karakana ya kuunda mabasi, anafunga viti. Viti hamsini na viwili, bolti nne kila kimoja. Alinikaribisha chai, tukakaa kwenye kiti cha abiria kisicho na basi.

Nikamuuliza alijua tangu lini. Tangu wiki ya pili baada ya Baba kuja, akasema. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akakoroga chai isiyo na sukari.

"Ulisema atakaa chumbani na redio. Mama yangu nilimuuguza chumbani, wifi. Najua mtu anavyokwisha akishaondolewa kazini kwake."

Akasema na yeye ana deni la mguu wa yule dada, kwa sababu ile Jumamosi alitakiwa aseme, akameza. Kila Ijumaa anapita kumfulia. Hilo sikulijua.

Nilimwomba msamaha. Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani lakini yalitoka yamepindapinda. Akaniwekea mkono begani, akasema amepokea, tena kwa moyo mweupe. Nikamwambia basi arudi, kigoda chake kipo. Akatikisa kichwa.

"Miaka tisa, wifi. Siku ile ulinihesabia kila kitu. Hukuniuliza."

Aliponisindikiza hadi getini ndipo akanielekeza: nizikaze mapema kabla Baba hajaamka, nianze na ya juu, na chaki niifute kwa kitambaa chenye maji, si kikavu. Akiikuta asubuhi atajua kwamba amesahau, na siku hiyo hatakula.

Jumatatu, 20 Aprili

Saa kumi na mbili na nusu. Bolti nane. Kitambaa chenye maji.

Jumanne, 21 Aprili

Vivyo hivyo.

Jumatano, 29 Aprili

Nimemtengenezea Baba boksi lake, halina mteja. Bolti kumi na sita. Jioni anazilaza, alfajiri naziamsha. Hata hivyo ya wateja nayapitia yote. Haamini kwamba boksi lake ni hilo moja tu.

Jumanne, 12 Mei

Mvua zinapungua. Leo Baba ameniita, "Wewe mgeni, njoo." Akanipa spana, akaweka mkono wake juu ya wangu. Ya juu, ya chini. Polepole, usiioneshe bolti hasira. Nikawa na miaka kumi na miwili kwa muda wa bolti nane.

Akasema mkono wangu si mbaya. Akaniuliza kama nina watoto, nikasema sikujaliwa. Akasema yeye ana binti, aliyetaka kufundishwa kazi hii. Nikamuuliza mbona hakumfundisha.

"Mwaka ule kinu kilimkata mwenzangu mkono, mbele yangu. Wa kiume nilimpeleka nimefumba macho. Huyu wa kike sikuweza. Nikatafuta neno la kumkatisha tamaa, nikalipata." Akacheka kidogo. "Lilikuwa neno baya. Hajawahi kuniuliza."

Miaka thelathini na minne nimelibeba neno hilo. Nimelijengea karakana nzima. Na ni kweli, sikuwahi kumuuliza.

Nilitaka kumwambia mimi ndiye. Alikuwa ameshaanza ya tisa.

Jumatano, 13 Mei

Baba amenitambua asubuhi, akalalamika uji una maji. Nimekula naye.

Jumamosi, 23 Mei

Siku ya tano bila mvua. Ndoo zimerudi nje, mbao zimeanikwa. Wifi sijamwona tangu siku ile, ila dada wa Tetemeko anasema Ijumaa hupita, na mara moja aliuliza Baba anakulaje. Nimemtumia salamu kwamba anakula.

Jioni nilichukua chaki ya Baba nikatia nukta moja kwenye kigoda cha Wifi, katikati. Sijui nilikusudia nani aione.

Jumapili, 24 Mei

Asubuhi nilizikaza bolti zote, nikafuta chaki zote, ile moja nikaiacha. Baba aliingia na kikombe chake, akasogea kukaa. Akaiona. Akasimama, akarudi hatua moja nyuma, kwa heshima, kama fundi anavyoipisha kazi ya mwenzake.

"Hiki bado," akasema.

Nikamwambia ndiyo, Baba. Bado.